Jenerali China: Koplo wa Burma aliyeugeuza msitu wa Mlima Kenya kuwa ngome

MSAFIRI anayetoka Embu kuelekea Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu huuona msitu wa Mlima Kenya upande wake wa kushoto, juu ya mashamba ya majani chai. Wengi hupita hapo bila kukumbuka kwamba miti ile iliwahi kuwa ukuta wa ngome. Aidha, si wengi wanaojua kwamba aliyeijenga ngome hiyo hakuwa amehitimu chuo chochote cha maafisa wa kijeshi. Alikuwa koplo mstaafu, aliyewahi kuuza mboga Nairobi na kutia makaa katika tanuri la gari la moshi.

Mtu huyo ni Waruhiu Itote, ambaye historia inamtambua zaidi kwa jina la msituni, Jenerali China. Amri yake iliuzunguka mlima kuanzia Mathira upande wa Nyeri, ikapitia Ndia na Gichugu, ambazo wakati huo zilikuwa sehemu ya wilaya ya Embu, ikaingia Embu kwenyewe na kupanda hadi Meru.

Alifariki mwaka wa 1993, lakini mjadala kuhusu maisha yake haukuzikwa naye. Wapo wanaomhesabu miongoni mwa mashujaa wakubwa wa uhuru. Wapo pia wasioweza kusahau aliyoyasema akiwa mikononi mwa adui, na machungu yaliyowapata wanavijiji baada ya hapo. Kuuelewa mjadala huo kunahitaji kurejea alikojifunza vita: katika misitu ya Asia, chini ya bendera ya mfalme wa Uingereza.

Kutoka Kaheti hadi Burma

Itote alizaliwa mwaka wa 1922 katika kijiji cha Kaheti, Mukurwe-ini, wilayani Nyeri. Elimu yake ya darasani ilikuwa haba. Mwaka wa 1939, akiwa kijana wa miaka 17, alifunga safari kwenda Nairobi kutafuta riziki, akajaribu biashara ya mboga pamoja na wenzake. Jiji la wakati ule halikuwa na nafasi kubwa kwa mfanyabiashara Mwafrika. Leseni, vibali na kipande vilimwandama kila hatua.

Mapema mwaka wa 1942 alijiunga na jeshi la King's African Rifles, maarufu kama KAR. Hakuwa peke yake. Takriban Wakenya 98,000 walihudumu katika majeshi ya Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wengine kwa hiari na wengine kwa kusukumwa na machifu. Amri zilitolewa kwa Kiswahili, na hivyo vijana wa Nyeri, Embu, Meru, Tanganyika, Uganda na Nyasaland wakapata lugha moja ya kuzungumzia vita.

Itote alipangwa katika batalioni ya 36 ya KAR. Baada ya mafunzo alipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha Burma kupambana na Wajapani. Batalioni yake ilikuwa sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka wa 1944 ilipewa kazi ngumu ya kuwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw huku mvua za masika ya Asia zikinyesha usiku na mchana.

Bonde hilo lilikuwa na sifa mbaya ya malaria na homa zilizoua upesi kuliko risasi. Barabara ziligeuka mito ya matope na malori yakazama hadi kwenye ekseli. Hata hivyo, askari hao wa Afrika Mashariki walisonga mbele, wakafika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mapema Desemba 1944. Daraja la chuma lililojengwa hapo na wahandisi wa jeshi lilikuwa na urefu wa zaidi ya futi 1,100.

Mzinga mzito, njia nyembamba

Ni katika matope hayo ambapo Itote alipata somo lililoongoza maisha yake yote ya vita. Jeshi la Uingereza lilikuwa na silaha nyingi zilizobuniwa kwa ajili ya jangwa la Afrika Kaskazini na tambarare za Ulaya. Miongoni mwazo ni mizinga ya kupambana na vifaru. Mzinga mmoja wa aina iliyorusha kombora la ratili 6 ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja, na ulihitaji kikosi cha watu 6 kuuelekeza, kuushindilia na kuufyatua.

Huko Burma vifaru vya Wajapani vilikuwa vichache, lakini mizinga hiyo haikutupwa. Wajapani walijichimbia chini ya ardhi, wakaezeka mahandaki yao kwa magogo na udongo, wakabakisha tundu dogo la kupitisha mtutu wa bombomu. Mzinga uliokusudiwa kutoboa kifaru uliburutwa kwa kamba na mabega ya watu hadi karibu kabisa na handaki, ukalengwa kwenye tundu hilo. Ulipofanikiwa, ulifanikiwa kwa sababu watu wachache wenye nidhamu waliufikisha hapo. Ulipokwama njiani, haukuwa na thamani kuliko jiwe.

Itote alikuwa askari wa miguu, wala si mhudumu wa mizinga. Kwa askari wa miguu, somo lilikuwa wazi. Msitu humnyima mwenye silaha kubwa faida yake. Jicho haliwezi kuona mbali na ndege haiwezi kulenga kisichoonekana. Kikosi kidogo kinachojua njia, kinachoweza kukaa kimya na kinachopata chakula chake kwa uhakika kinaweza kulisumbua jeshi zima. Wajapani walishindwa Burma si kwa risasi pekee, bali pia kwa njaa na maradhi baada ya njia zao za chakula kukatika.

Huko Asia alipata pia elimu ya aina nyingine. Katika kumbukumbu zake ameeleza jinsi alivyoulizwa na askari Mwingereza ni kwa nini anapigania nchi isiyo yake. Ameeleza pia jinsi mwanajeshi mweusi kutoka Marekani alivyomsimulia habari za Haiti, nchi ambako watumwa walichukua silaha na kujikomboa. Wahindi nao walimweleza kwamba wao walikuwa wamekwisha kudai uhuru wao baada ya vita, kisha wakataka kujua Waafrika watalipwa nini. Koplo huyo hakuwa na jibu.

Tanuri la gari la moshi

Aliporejea Kenya baada ya vita, hali aliyoiacha ndiyo aliyoikuta. Askari Wazungu waliomaliza vita walipewa ardhi na mikopo chini ya mpango wa serikali wa makazi. Waafrika waliovuka nao mto Chindwin walirejeshewa kipande. Itote alipata ajira katika shirika la reli akitia makaa katika tanuri la gari la moshi, kazi iliyomwonyesha nchi yote lakini haikumpa sehemu yake.

Alijiunga na chama cha Kenya African Union, akawa karibu na vijana wa Nairobi waliojulikana kama Kundi la Forty, wengi wao wakiwa askari wa zamani wasio na kazi. Mwaka wa 1950 alikula kiapo cha umoja. Ujuzi wake wa kijeshi haukuchelewa kuonekana. Mnamo Agosti 1952, miezi miwili kabla ya serikali kutangaza hali ya hatari, aliingia katika msitu wa Mlima Kenya na kuanza kuwafunza vijana.

Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la hali ya hatari. Usiku huo huo msako ulianza, na Jomo Kenyatta akakamatwa pamoja na viongozi wenzake. Serikali iliamini kwamba ukikata kichwa, kiwiliwili kitakufa. Haikujua kwamba vijana walikuwa wamekwisha kuanza kuingia misituni, wakiwemo waliovaa sare zake huko Burma.

Jeshi la komeo na paipu

Vita vya msituni viligawanyika katika maeneo mawili makubwa. Katika milima ya Nyandarua walikuwako Dedan Kimathi na Stanley Mathenge. Mlima Kenya ulikuwa chini ya China. Maelfu ya wapiganaji walikuwa chini ya amri yake kufikia mwisho wa mwaka wa 1953, wakiwa wamegawanywa katika vikosi vyenye viongozi, makarani na watunza stoo, kwa mtindo ule ule wa KAR.

Silaha ndizo zilizokuwa haba. Wapiganaji wengi walikuwa na panga na mikuki. Bunduki za kiwandani zilitekwa kutoka kwa polisi, Homugadi na walowezi, au ziliibwa Nairobi na kusafirishwa kwa siri. Zilizobaki zilitengenezwa msituni. Kipande cha paipu ya maji kiligeuzwa mtutu. Komeo la mlango liligeuzwa kigongeo, likavutwa kwa ukanda wa mpira au springi, na kitako kikachongwa kwa mti. Bunduki kama hiyo iliweza kuua, lakini pia iliweza kupasuka na kumjeruhi aliyeishika.

Kwa hiyo China hakutegemea bunduki. Alitegemea somo la Burma. Kila kikosi kilikuwa na watu wake kijijini waliokusanya unga, maharagwe, dawa, nguo na habari. Wanawake na wasichana walibeba mizigo hiyo usiku hadi ukingoni mwa msitu. Hao ndio waliokuwa mzinga wake mkubwa. Bila wao, mtu aliye msituni angeishi siku chache tu kwa asali ya mwitu na nyama ya kutega.

Ni hapo ambapo umuhimu wa Embu na Meru ulijitokeza. Msitu wa upande wa kusini na mashariki wa mlima una mabonde marefu yenye mito isiyokauka, na mashamba ya wakati ule yalifika hadi miguuni mwa miti. Kiapo kilisambaa kutoka Nyeri na Ndia kuelekea Embu, kisha Chuka, Mwimbi na Imenti. Serikali ilitaraji kwamba Wameru wangebaki nje ya vita hivyo, ikitegemea uzito wa baraza lao la wazee la Njuri Ncheke kuwazuia vijana. Matarajio hayo hayakutimia yote. Embu ilimtoa Jenerali Kubukubu, ambaye jina lake lilipewa shule ya upili katika eneo la Runyenjes. Meru iliwatoa Baimungi M'Marete na Musa Mwariama, watu waliobaki msituni hata baada ya wengine wengi kuuawa au kutekwa.

Chuka, Juni 1953

Gharama ya kuwa jirani wa msitu ilidhihirika mapema. Katikati ya Juni 1953, kampuni moja ya KAR iliyoongozwa na Gerald Griffiths, afisa Mwingereza, ilitumwa eneo la Chuka kuwasaka wapiganaji. Wafungwa wawili waliochukuliwa kuonyesha njia waliteswa na kuuawa. Kisha, katika siku chache, askari hao waliwaua wanavijiji wapatao 20. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo Homugadi, watu waliokuwa wamejitolea kuisaidia serikali hiyo hiyo.

Griffiths alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi mnamo Novemba 1953, akaachiliwa. Alishtakiwa tena Machi 1954 kwa unyama aliowatendea wafungwa, akapewa kifungo cha miaka 5. Kwa mauaji ya wanavijiji wa Chuka, hakuna aliyehukumiwa.

Kwa Jenerali China, habari hizo zilikuwa na uchungu wa ziada. Waliofyatua risasi hawakuwa wageni wa ng'ambo. Walikuwa askari wa KAR, jeshi alilolitumikia yeye mwenyewe, wakipokea amri kwa Kiswahili kile kile alichokizungumza katika bonde la Kabaw. Vita vya Kenya vilikuwa vimefikia hatua ambapo mwanafunzi wa Burma alimwinda mwanafunzi mwenzake wa Burma.

Upande wa serikali, silaha kubwa ziliendelea kumiminika. Ndege za kudondosha mabomu aina ya Lincoln zililetwa kutoka Uingereza mwishoni mwa mwaka wa 1953, zikaanza kuipiga misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Miti iliangushwa na tembo na nyati wakajeruhiwa. Wapiganaji waliouawa kwa mabomu hayo walikuwa wachache kulingana na gharama iliyotumika.

Risasi 2 na saa 68

Januari 15, 1954, China aliingia katika mapigano na askari wa KAR karibu na Karatina. Alipigwa risasi kooni, akakamatwa akiwa anavuja damu. Alikuwa kiongozi wa kwanza wa ngazi ya juu wa msituni kuangukia mikononi mwa serikali akiwa hai.

Aliyepewa kazi ya kumhoji ni Ian Henderson, afisa wa kitengo cha ujasusi cha polisi, aliyekulia Nyeri na kukizungumza Kikuyu kama mwenyeji. Mahojiano hayo yalichukua saa 68. Itote alieleza mengi: muundo wa jeshi lake, viongozi wake, mpangilio wa vikosi, na jinsi msitu ulivyolishwa na kijiji. Kwa serikali iliyokuwa imepapasa gizani kwa zaidi ya mwaka mmoja, hiyo ilikuwa kama kukabidhiwa ramani.

Mapema Februari alifikishwa mahakamani mjini Nyeri. Mtu aliyeamuru maelfu alishtakiwa kwa kuandamana na watu wenye silaha na kupatikana na risasi 2. Chini ya sheria za hali ya hatari, hilo lilitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Februari 3, 1954, alihukumiwa kifo, na rufaa yake ikatupwa.

Hapo ndipo Henderson alipokuja na pendekezo. Iwapo China angesaidia kuwashawishi wenzake waweke silaha chini, maisha yake yangesalimika. Alikubali. Mapema Machi 1954 gavana aliibadilisha hukumu ya kifo kuwa kifungo, na barua za China zikaanza kupelekwa msituni.

Je, alikubali kwa hofu ya kufa, au kwa kuamini kwamba vita hivyo visingeshinda kwa panga na paipu? Yeye mwenyewe alishikilia baadaye kwamba alitafuta amani iliyotambua madai ya watu wake. Wakosoaji wake wamejibu kwamba mtu aliye na kamba shingoni hawezi kujadiliana, na kwamba jenerali aliyetekwa hana tena haki ya kuamuru. Pande zote mbili zina hoja, na huenda ukweli wenyewe una sehemu zote mbili.

Mazungumzo yaliyovunjika

Barua hizo hazikupuuzwa. Mwishoni mwa Machi viongozi kadhaa wa Mlima Kenya, akiwemo Jenerali Tanganyika aliyekuwa miongoni mwa warithi wa China, walikutana na maafisa wa serikali. Mapigano yalisimamishwa katika eneo hilo ili wapiganaji wapate nafasi ya kukusanyika na kuamua. Kwa siku chache ilionekana kwamba vita vya upande wa mlima vingeweza kumalizika kwa maneno.

Aprili 7, 1954, kundi kubwa la wapiganaji lilikutana na askari wa KAR, risasi zikalia, na wapiganaji wapatao 25 wakauawa. Walionusurika walirudi msituni wakiamini kwamba wamesalitiwa. Mazungumzo yakafa siku hiyo. Serikali, ambayo sasa ilikuwa na majina na njia zote ilizozihitaji, iliwakamata watu wengi katika maeneo ya Nyeri. Aprili 24 operesheni kubwa ilifanywa Nairobi, ambako makumi ya maelfu ya watu walikusanywa na wengi wao kupelekwa kizuizini.

Serikali ilikuwa imeielewa siri ya China: kwamba nguvu ya msitu haiko msituni. Kuanzia katikati ya mwaka wa 1954 watu wa Kikuyu, Embu na Meru waliamriwa kuvunja nyumba zao na kuhamia vijiji vilivyozungushiwa nyaya za miiba na mahandaki. Katika muda wa takriban mwaka mmoja na nusu, zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800. Saa za kutoka nje zilipangwa, na chakula kilidhibitiwa.

Kando ya msitu wa Mlima Kenya kulichimbwa handaki refu la takriban maili 50, likajazwa vijiti vilivyochongwa ncha. Lilichimbwa kwa mikono ya wanavijiji wenyewe, wengi wao wanawake, bila malipo. Huko Mwea, katika wilaya ya Embu ya wakati ule, wafungwa wa kambi za kizuizini walichimba mifereji ya mpango wa kilimo cha mpunga. Mlaji wa pishori ya Mwea hula, bila kujua, matunda ya jasho lao.

Mwanamke wa Embu au Meru aliyekuwa akibeba unga usiku sasa alihesabiwa asubuhi na jioni. Njaa iliingia vijijini, na watoto wengi na wazee wakafa. Msituni, wapiganaji walianza kula mizizi na majani. Kile ambacho ndege za Lincoln zilishindwa kukifanya, nyaya za miiba zilikifanya. Kwa hesabu rasmi, zaidi ya wapiganaji 11,000 waliuawa katika vita hivyo, na zaidi ya watu 1,000 walinyongwa.

Itakuwa si haki kumbebesha mtu mmoja mzigo wote huo. Uhamishaji wa watu ulikuwa mbinu iliyokuwa imekwisha kutumiwa na Waingereza huko Malaya, na serikali ingeweza kuufikia uamuzi huo bila neno lolote la China. Lakini hakuna anayeweza kukana kwamba alichokisema katika zile saa 68 kiliwarahisishia kazi.

Lokitaung

Itote alipelekwa Lokitaung, katika joto la Turkana, alikofungwa pamoja na Kenyatta, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba. Kenyatta, ambaye kwa sababu ya umri alipewa kazi ya upishi badala ya kuvunja mawe, alimfundisha Kiingereza koplo huyo wa zamani.

Wafungwa wa Lokitaung waligawanyika vikali. Baadhi yao walimwona Kenyatta kama mzee aliyezikimbia harakati. Siku moja mfungwa mmoja alimvamia akiwa na kisu, na Itote ndiye aliyeingilia kati na kumwokoa. Urafiki uliojengwa hapo uliamua mustakabali wake. Walioachiliwa wakiwa karibu na Kenyatta walirejea katika nchi tofauti na ile ya waliobaki mbali naye.

Aliachiliwa Juni 1962, baada ya zaidi ya miaka 8. Alipelekwa Israel kwa mafunzo ya kijeshi, na shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, lilipoanzishwa mwaka wa 1964, akawa mmoja wa viongozi wake. Maelfu ya vijana wasio na kazi walipita mikononi mwa shirika hilo wakifundishwa gwaride, ujenzi na kilimo. Mwaka wa 1967 alichapisha kumbukumbu zake, Mau Mau General, na mwaka wa 1979 akatoa kitabu cha pili, Mau Mau in Action. Katika maandishi hayo hakuwaficha wasomaji kwamba alihojiwa na kwamba aliandika barua. Alijitetea, kisha akawaachia wasomaji hukumu.

Waliobaki mlimani

Upande wa pili wa mlima, hadithi ilikwenda vingine. Mnamo Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, wapiganaji walitoka msituni na kukusanyika katika uwanja wa Ruring'u, Nyeri. Kutoka Meru alifika Musa Mwariama na watu wake, mwenye ndevu na nywele ndefu za miaka mingi, bila kuwahi kutekwa. Alilakiwa kwa shangwe, akarejea nyumbani kuishi maisha ya kawaida hadi alipofariki mwaka wa 1989.

Baimungi naye alitoka, lakini hakuridhika. Aliuliza ardhi iko wapi. Alipoona kwamba mashamba yalinunuliwa na wenye pesa, wakiwemo waliokuwa Homugadi, alirudi msituni na kundi lake. Mnamo Januari 1965 aliuawa na vikosi vya usalama vya serikali huru ya Kenya, katika msitu ule ule alioulinda dhidi ya Waingereza. China wakati huo alikuwa afisa wa serikali hiyo.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala unaomhusu Waruhiu Itote. Aliyekamatwa, akasema, akafungwa na wakubwa, alipata ofisi. Aliyekataa kusema, akakataa kutoka bila ardhi, alipata risasi. Wazee wa Embu na Meru waliolinganisha maisha hayo mawili hawakuhitaji mwanahistoria kuwaeleza ni kwa nini uhuru uliwaacha na maswali.

Hata hivyo, uadilifu unadai pande zote zipimwe. Bila koplo huyo, vijana walioingia Mlima Kenya mwaka wa 1952 wangekuwa kundi la watu wenye hasira na panga. Yeye ndiye aliyewapa vikosi, zamu, nidhamu na njia za chakula. Yeye ndiye aliyewaonyesha kwamba dola yenye ndege na mizinga inaweza kusimamishwa na watu wachache wanaoujua msitu. Baimungi na Mwariama walidumu miaka 10 katika msitu ambao kanuni zake za vita aliziweka China.

Itote alifariki Aprili 1993, miaka 10 kabla ya serikali ya Kenya kuondoa rasmi marufuku iliyowekwa na mkoloni dhidi ya Mau Mau. Hakuishi kuona Uingereza ikieleza majuto yake mnamo Juni 2013 na kukubali kuwalipa fidia wahasiriwa 5,228, wala kufunguliwa kwa mnara wa kumbukumbu katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mnamo Septemba 2015.

Katika ukingo wa msitu, juu ya Chuka na Runyenjes, sehemu kubwa ya lile handaki la maili 50 imejaa udongo na nyasi. Waliolichimba wengi wamefariki. Majina ya majenerali yameandikwa vitabuni, mengine yamepewa shule na barabara. Majina ya wanawake waliobeba unga usiku hadi kwenye miti, ambao China mwenyewe alijua kwamba ndio waliokuwa silaha yake kuu, yamebaki vinywani mwa wajukuu wao.